Mama wa chai aliuliza: mbona tunazika kila wiki na bado tunaongezeka?

Kibanda cha chai kilicho karibu na stendi ya mabasi mjini Arua, Uganda, kina sheria moja isiyoandikwa: redio ikisema jambo, kila aliyeshika kikombe ana haki ya kulipinga. Asubuhi hiyo mtangazaji alikuwa akizungumzia idadi ya watu nchini. Dereva wa lori akasema simu yake inaonyesha milioni 50, si 46 kama redio. Kijana wa bodaboda akadakia kwamba hao wa ziada ni wakimbizi. Mzee mmoja akaleta habari za watu wanaojiua, akasema zamani mambo hayo hayakuwepo. Mama mwenye kibanda, aliyekuwa akigeuza chapati bila kuinua macho, akauliza swali lililotunyamazisha sote: "Mimi kila Jumamosi niko matangani. Sasa huyo anayeongezeka ni nani?"

Nilimpa jibu fupi pale pale, na halikumridhisha. Hili hapa ndilo refu.

Tuanze na boma lako mwenyewe. Idadi ya watu wanaolala humo hubadilika kwa njia nne, hakuna ya tano. Mtoto anazaliwa. Mtu anafariki. Mtu anakuja kukaa: mke wa kaka, au mpwa aliyeletwa asome mjini. Mtu anaondoka: binti ameolewa Nebbi, kijana kaenda Kampala kutafuta. Nchi ni boma kubwa tu. Ukitoa waliokufa kutoka kwa waliozaliwa, unachobaki nacho kinaitwa ongezeko la asili. Ukitoa waliohama kutoka kwa waliohamia, unapata salio la uhamiaji. Jumlisha hayo mawili na umemaliza.

Jambo jingine la kushika mapema ni tofauti ya idadi na kiwango. Idadi ni watu wangapi. Kiwango ni watu wangapi kati ya wangapi. Ukisikia wagonjwa kumi wamelazwa huwezi kujua kama ni wengi au wachache mpaka uambiwe wametoka kwenye kijiji cha watu 200 au mji wa watu 200,000. Nusu ya ubishi wa kibandani huisha hapo. Nusu nyingine inatokana na umri, nao una ujanja wake, tutaufikia.

Jumamosi ya mama

Nchini Uganda, kwa kila watu 1,000, huzaliwa watoto kama 35 kwa mwaka na hufa watu 5 au 6. Maneno hayo matupu hayamsaidii mtu, kwa hiyo chukua eneo lenye watu 10,000, yaani vijiji kadhaa vinavyofahamiana na kuzikana. Kwa mwaka mmoja watakufa humo watu 50 hadi 60. Mwaka una wiki 52. Ni msiba mmoja kila wiki! Mama wa chai hakuwa akitia chumvi hata kidogo. Jumamosi zake zinalingana na hesabu kwa usahihi wa kushangaza.

Ila katika eneo hilo hilo watazaliwa watoto kama 350, karibu saba kila wiki. Hao hawafungiwi turubai. Hakuna kipaza sauti, hakuna daftari la michango, hakuna viti vya kukodi. Mzazi anarudi kutoka kituo cha afya nyuma ya bodaboda, kichanga kimefunikwa shuka, na jirani anajua siku atakaposikia kilio usiku. Msiba mmoja hukusanya vijiji vitano, mtoto mmoja hukusanya bibi zake wawili. Ndiyo maana macho yetu yanahesabu vifo na kuruka vizazi, yaani watoto wanaozaliwa.

Ukipanua picha hiyo mpaka nchi nzima, sensa zinasimulia hivi: mwaka 1948 tulikuwa kama milioni 5. Mwaka 1969, milioni 9.5. Mwaka 1980, milioni 12.6. Kisha 1991, milioni 16.7, 2002, milioni 24.2, 2014, milioni 34.6, na 2024, milioni 45.9.

Hebu tazama kipande cha kati, 1980 hadi 1991. Miaka hiyo ilikuwa na vita vya Luweero, mapigano ya kaskazini, na UKIMWI ambao uligunduliwa hapa nchini kule Rakai mwaka 1982, wakati watu wakiuita "slim" kwa jinsi ulivyokondesha. Familia nyingi za hapa kwetu West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi, zilikuwa uhamishoni Kongo na Sudan. Hata hivyo idadi ilipanda kwa zaidi ya milioni 4. Sisemi hivyo kupunguza uzito wa makaburi yale. Nasema hivyo kwa sababu wengi bado wanaamini kwamba balaa likiwa kubwa vya kutosha idadi ya watu lazima ishuke. Mahali ambapo kila mama ana watoto sita au saba, mlango wa kuzaliwa ni mpana kuliko milango mingine yote.

Kati ya 2014 na 2024 tulikua kwa asilimia 2.9 kwa mwaka. Kuna kanuni ya mkato wanayoitumia hata watu wa mikopo: gawanya 70 kwa hiyo asilimia, utapata miaka ya kitu kuongezeka maradufu. Sabini kwa 2.9 ni kama 24. Mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa, akifikisha umri wa kutafuta mchumba, anaweza kukuta nchi yenye watu mara mbili, kama kasi haitabadilika.

Kasi yenyewe inapungua, tena polepole: asilimia 3.2 kati ya 1991 na 2002, kisha 3.0, kisha 2.9. Watu wakisikia "kasi imepungua" wanadhani watu wanaoongezeka ni wachache kuliko zamani. Sivyo. Asilimia 3.2 ya watu milioni 20 ni watu 640,000. Asilimia 2.9 ya watu milioni 45.9 ni watu milioni 1.3, yaani kama 3,600 kwa siku. Basi la Arua kwenda Kampala lina viti 67. Fikiria zaidi ya mabasi 50 yaliyojaa yanaingia nchini kila siku, na hakuna hata moja linalorudi na abiria.

Dereva na simu yake

Je, ni milioni 46 au 50? Dereva hakuwa mwongo, na redio haikuwa mwongo.

Milioni 46 inatokana na sensa. Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, ilihesabu watu kwa kuzingatia usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei 2024, safari hii kwa kutumia tableti badala ya makaratasi. Matokeo ya awali ya Juni yalisema 45,935,046. Ya mwisho yakasema 45,905,417. Tofauti hiyo ya watu karibu 30,000 ilizua maneno, lakini ni jambo la kawaida: ya kwanza ni majumlisho ya haraka, ya pili hutoka baada ya kupitia fomu na kusahihisha makosa.

Milioni 50 ni makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka huo huo wa 2024. Hawa hawakupita nyumba kwa nyumba. Wanachofanya kinafanana na mwenye duka aliyehesabu mzigo wote mara moja, kisha kwa miaka kumi akawa anaandika tu kwenye daftari: leo lazima yameingia magunia kadhaa, yametoka kadhaa. Siku ya kufungua stoo anakuta magunia 46, wakati daftari linasema 50. Ama daftari lilikadiria mzigo kuingia kuliko ulivyoingia kweli, ama aliyehesabu stoo hakuona magunia yaliyojificha nyuma ya mlango. Vyote viwili hutokea. Makadirio ya Umoja wa Mataifa hurekebishwa kila sensa mpya inapotoka, na hakuna sensa duniani iliyowahi kumhesabu kila mtu.

Kuna dhana kwamba serikali ilificha watu ili mikoa fulani ipate fedha kidogo. Kwa wilaya zinazopewa mgao kulingana na idadi ya watu, naelewa wasiwasi huo unatoka wapi. Lakini ule mpango ambao kila mtu anaujua kwa sasa, wa maendeleo ya parishi (kundi la vijiji), ulianza kwa kutoa shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, iwe na watu wengi au wachache. Kwa mgao kama huo, parishi iliyojaa ndiyo inayopunjwa, na haihitaji mtu yeyote kufuta majina. (Hilo lingestahili kelele zaidi kuliko tunazopiga, lakini turudi kwenye mada.)

Kingine kinachowachanganya watu ni Kampala. Unaingia saa mbili asubuhi, magari yamesimama kuanzia Bwaise, watu hawana pa kukanyaga, kisha unaambiwa mji huo una watu chini ya milioni 2 na kwamba Wakiso ina zaidi ya milioni 3. Sensa haihesabu watu mahali wanapouza nguo. Inauliza: nani alilala hapa usiku ule? Na jioni, Kampala hurudisha watu wake Wakiso, kule Nansana, Kira na Kajjansi.

Ujanja wa umri

Sasa sentensi ambayo ukiisoma haraka utadhani imekosewa: kiwango cha vifo cha Uganda ni kidogo kuliko cha Japani. Mwaka 2023 Japani ilizika watu kama milioni 1.57 kati ya watu milioni 124, yaani kama 12 au 13 kwa kila 1,000. Sisi ni 5 au 6. Japani ina hospitali, dawa, lishe na maji safi ambavyo tukipewa nusu yake tutacheza ngoma. Imekuwaje?

Weka upande mmoja shule ya msingi yenye watoto 1,000, na upande mwingine chama cha wastaafu chenye wanachama 1,000. Hata ungewapa wastaafu madaktari bora duniani na shule ukaiachia muuguzi mmoja tu, mwisho wa mwaka misiba itakuwa mingi kwenye chama. Uganda ni ile shule. Karibu nusu ya watu wetu hawajafikisha miaka 18, na waliofikisha 60 ni kama mmoja katika kila ishirini. Japani, karibu watatu katika kila kumi wamepita miaka 65.

Kiwango kinachogawanya vifo vyote kwa watu wote bila kuuliza umri huitwa kiwango ghafi. Ni ghafi kweli, kama mahindi ambayo hayajapepetwa. Kinakuambia zaidi juu ya umri wa nchi kuliko afya yake. Anayekitumia kusema "sisi tuna afya kuliko Wajapani" anadanganywa na watoto wetu.

Ukitaka kujua afya, tazama kwingine. Kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, utafiti wa kitaifa wa 2011 ulionyesha kwamba 90 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Ule wa 2016 ulipata 64, na wa 2022 ulipata 52. Kwa akina mama, kwa kila vizazi hai 100,000, walikufa 438 katika utafiti wa 2011, kisha 336, kisha 189. Angalia kwamba hapa kigawanyo si watu wote, ni vizazi. Niliwahi kusikia mtu akisema redioni kwamba akina mama 189 tu ndio waliokufa Uganda nzima kwa mwaka, na hakuna aliyemsahihisha. Nchi ina vizazi zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka, zidisha mwenyewe.

Halafu kuna umri wa kuishi, neno linalopotosha kuliko yote. Sensa ya 2002 ilitupa miaka kama 50, ya 2014 ikatupa 63, ya 2024 ikatupa 68. Mzee mmoja aliwahi kunionyesha fimbo yake na kusema: "Mimi nina 81. Hiyo 50 yao waliitoa wapi, wakati wenzangu wote walikuwa hai?" Aliitoa hoja kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa anapaswa kuwa kaburini.

Umri wa kuishi ni wastani, na wastani huvutwa chini na wanaokufa wadogo. Chukua ndugu wanne. Mmoja anakufa na malaria akiwa na mwaka mmoja. Wawili wanafika 70, wa nne 75. Jumla ni 216, gawa kwa nne: 54. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa na miaka 54 wala karibu yake. Kwa hiyo miaka 18 tuliyoongeza tangu 2002 haina maana kwamba wazee wamepewa miaka 18 zaidi. Sehemu kubwa ni watoto waliopona, na vijana wenye virusi vya UKIMWI waliopata dawa, hasa baada ya dawa hizo kuanza kutolewa bure kwa wingi kuanzia 2004. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Apac mwezi Aprili 2025, ikifanya kazi inavyotarajiwa, itausukuma wastani huo juu zaidi, nao hautaongeza hata mwaka mmoja kwa mzee mwenye fimbo.

Lile jambo ambalo mzee wa kibandani alilitaja kwa sauti ya chini

Kujiua. Ni lazima tulizungumze, kwa sababu hakuna takwimu inayosomwa vibaya kuliko hii.

Kiwango chake hupimwa kwa kila watu 100,000. Sasa mji wenye watu 20,000 ukipata misiba miwili ya namna hiyo mwaka huu, kiwango chake ni 10. Mwakani isitokee hata mmoja, kiwango ni sifuri. Mwaka unaofuata itokee minne, ni 20, na magazeti yataandika kwamba hali imekuwa maradufu ya juzi. Kwenye mahali padogo namba hurukaruka kama panzi. Ukiona wilaya moja imepakwa rangi nyekundu kwa takwimu za mwaka mmoja, subiri uone miaka mitano.

Ujanja wa umri unarudi hapa pia, kwa kasi. Kujiua ni nadra sana kwa watoto, na nchi yetu imejaa watoto. Kwa hiyo kiwango ghafi cha Uganda huonekana kidogo, kama vile vifo kwa jumla vinavyoonekana vichache kuliko Japani. Shirika la Afya Duniani hufanya marekebisho: huuliza kiwango kingekuwa ngapi kama Uganda ingekuwa na mchanganyiko wa umri unaotumika kulinganisha nchi zote. Hicho huitwa kiwango kilichosawazishwa kwa umri, na kwetu kinatoka kikubwa kuliko kile ghafi. Ndiyo sababu utakuta namba mbili tofauti za Uganda, za mwaka mmoja, kwenye shirika lile lile, na watu wawili wakirushiana maneno mtandaoni kila mmoja akiwa na yake.

Zamani hayakuwepo? Yalikuwepo, yakafichwa. Katika mila nyingi za hapa mtu aliyejiua hakuliliwa kama wengine. Alizikwa haraka, bila ngoma, wakati mwingine mbali na makaburi ya ukoo. Makanisa na misikiti nayo yalikuwa na masharti yake. Familia gani ingekubali kuandikisha sababu halisi? Juu ya hayo kuna sheria: Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, hivyo mtu anayehitaji daktari ana sababu ya kumwogopa polisi. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinapingana na katiba.

Tatizo la kufichika haliishii kwenye kujiua. Vifo vingi vya Uganda hutokea nyumbani, na ndugu huenda kuviandikisha kwa NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, pale tu kuna kitu kinachodai cheti: akaunti ya benki, mirathi, ardhi. Mzee aliyeacha kondoo watatu na deni la dukani haandikishwi. Kwa hiyo takwimu nyingi za sababu za vifo ni makadirio yaliyojengwa juu ya sehemu tu ya vifo. Ajali za barabarani zinahesabiwa vizuri zaidi kwa kuwa polisi hufika: mwaka 2024 waliandika vifo zaidi ya 5,000. Ukilinganisha namba hiyo na ile ya waliojiua kwenye kumbukumbu hizo hizo za polisi, unalinganisha kitu kinachotokea hadharani na kitu kinachofungiwa mlango.

Kwa hiyo mtu akikuambia kujiua "kumezidi", mwulize kwanza: kumezidi, au kumeanza kuandikwa? Wakati mwingine jibu ni kwamba kweli kumezidi. Mwaka 2020 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liliripoti kwamba matukio ya kujiua na ya kujaribu kujiua yameongezeka katika makazi ya wakimbizi nchini kuliko mwaka uliotangulia. Huo ndio mwaka ambao mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, shule zikafungwa na kutembea kukakatazwa. Hata hapo, kuchagua jambo moja na kulitaja kuwa ndicho chanzo ni kurahisisha. Karibu kila mara ni mambo kadhaa yaliyomwelemea mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Na ule usemi kwamba ukimwuliza mtu kama anafikiria kujiua utamtia wazo hilo kichwani si kweli. Kuulizwa kwa upole humpa pa kuutua mzigo. Wengi waliopita kwenye usiku huo wako hai leo, wengine hatujui hata kwamba waliupitia. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na ya taifa iko Butabika, Kampala. Kama ni wewe, anza na mtu mmoja unayemwamini, leo.

Wakimbizi, na walioko kyeyo

Sasa kijana wa bodaboda. Kwetu West Nile hoja yake ina macho, kwa sababu makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi hayako mbali, na Bidibidi kule Yumbe ilikuwa vichaka mpaka Agosti 2016, ikawa makazi ya watu zaidi ya 200,000 baada ya vita vya Sudan Kusini kulipuka upya. Kusini magharibi, Nakivale imekuwa ikipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Uganda ndiyo inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na mwaka 2024 walikuwa kama milioni 1.7.

Gawanya kwa milioni 46. Hawafiki wanne katika kila mia. Na kumbuka yale mabasi 50 ya kila siku: nchi huongeza watu milioni 1.7 kwa muda wa kama mwaka mmoja na miezi minne. Wakimbizi wote waliokusanyika kwa miongo mingi wanalingana na ongezeko letu la muda huo mfupi. Kwa wilaya kama Yumbe au Adjumani mzigo wa visima, kuni na madarasa ni mzito kweli, na anayesema hivyo hakosei. Anakosea anapoyapanua mambo ya Yumbe yawe maelezo ya nchi nzima. Tena hawawezi kuwa ndio "wa ziada" kati ya 46 na 50, kwa sababu sensa iliwahesabu pia. Yeyote aliyelala Uganda usiku ule alistahili kuhesabiwa, raia au mgeni.

Waliokosekana ni wengine: walioenda kyeyo, yaani kutafuta kazi nje ya nchi. Dada wa nyumbani yuko Riyadh, mlinzi yuko Dubai, mpwa yuko London. Wanatuma zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, wamejenga nusu ya mabati mapya ya kijiji, lakini usiku wa sensa hawakulala hapa. Kadhalika historia inatufundisha kutochanganya uzito wa watu na idadi yao. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, waliotoka walikuwa makumi ya maelfu, chini ya mtu mmoja katika kila mia. Kwenye mstari wa idadi ya watu huwezi kuliona tukio hilo. Kwenye maduka, viwanda na mashamba ya miwa lilionekana kwa miaka ishirini.

Dereva alikuwa na swali moja lililobaki, na lilikuwa zuri: kama siku hizi wanawake wanazaa watoto wachache, mbona shule zinazidi kujaa? Ni kweli wanazaa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wastani ulikuwa watoto 6.9 kwa kila mwanamke. Utafiti wa 2022 ulipata 5.2. Lakini angalia nani anazaa sasa: ni wasichana waliozaliwa wakati wastani ulikuwa karibu saba. Bibi mmoja alizaa saba, watatu au wanne wakiwa mabinti. Binti hao wakizaa watano tu kila mmoja, boma lina wajukuu kumi na tano au ishirini. Hata kama kesho asubuhi kila mwanamke angeamua kuzaa wawili, bado tungeendelea kuongezeka kwa miongo kadhaa, kwa kuwa mama wa watoto hao wameshazaliwa na wengine wako darasa la kwanza.

Nilimweleza mama wa chai sehemu kubwa ya haya, kwa vipande, kati ya mteja na mteja. Alikubali lile la misiba hamsini na vizazi mia tatu na hamsini, akasema lina mantiki. La Japani alilikataa. Kisha akakumbuka kitu.

"Hao wa sensa hawakufika kwangu," akasema. "Ule usiku mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa Koboko, tumelala matangani kwa shemeji yangu."

Nikamwuliza kama pale Koboko kuna mtu aliyekuja na tableti akauliza nani alilala pale.

Akafikiri, mwiko ukiwa hewani. "Alikuja kijana mmoja. Akaandika majina ya wote waliokuwa chini ya turubai." Akageuza chapati. "Kumbe ndiyo ile."